Njiti Nne za Kiberiti Mbele ya Mzee

Njiti nne za kiberiti zinapangwa mezani, vichwa vikielekea pande tofauti. Mzee anapewa njiti nyingine nne na kuombwa azipange vivyo hivyo. Anasomewa maneno kumi, na baadaye, mazungumzo yakishahamia mengine, anaulizwa anayakumbuka yapi. Anaulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa eneo lake ni nani, daraja ni kitu gani. Mwisho anapewa dakika moja ataje wanyama wote anaowajua. Kwa mambo hayo sita tu, muuguzi wa zahanati anaweza kutambua kama mzee huyu anahitaji kuonwa na daktari kwa kushukiwa kuwa na dimensha, ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Kipimo hicho kinaitwa IDEA, na kilizaliwa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2010, watafiti wa Uingereza na Tanzania, miongoni mwao Richard Walker na Stella-Maria Paddick, walizunguka vijiji vya Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, wakawapima zaidi ya watu 1,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Waligundua kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimensha. Karibu na hapo, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, wapo wataalamu, lakini wazee wengi wa vijijini hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa wowote. Walikuwa wanaitwa wazee tu.

Kipimo kilichozoeleka duniani tangu mwaka 1975 humtaka mgonjwa aandike sentensi, achore maumbo mawili yenye pembe tano yanayoingiliana, apunguze saba kutoka mia moja na aendelee kupunguza. Bibi ambaye hakupelekwa shule kwa sababu alikuwa msichana ataanguka mtihani huo hata kama anakumbuka deni la kila mteja wake sokoni. Njiti ya kiberiti, kwa upande wake, ameishika maisha yake yote. Ndiyo maana nauona utafiti wa Hai kuwa mkubwa kuliko ukubwa wa wilaya yenyewe: watu walibadilisha swali ili limfae anayeulizwa.

Nimeanzia Hai, lakini mawazo yangu yako Eldoret, Kenya, katika mtaa wa West Indies na mitaa inayofanana nao, Kapsoya, Pioneer, Langas. Kwenye nyumba hizi sasa wanazeeka watu waliokuja mjini kwa kazi, wakalea, wakastaafu, na wengine wakaamua kutorudi shambani. Watoto wako Nairobi au Marekani. Baba anapiga simu mara nne asubuhi moja kuuliza jambo lile lile. Mama aliyekuwa hodari wa hesabu anampa mwenye duka pochi yote achukue mwenyewe. Chai inaachwa jikoni mpaka sufuria inaungua. Familia inasema, "Ni uzee tu huo," na mwaka unapita, kisha wa pili.

Uzee hupunguza kasi ya kukumbuka, hilo ni kweli. Mtu mwenye miaka 75 anaweza kusahau jina la jirani, likamjia wakati wa chakula cha jioni. Akianza kupotea kwenye njia aliyoipita miaka thelathini, akasahau kazi ya ufunguo alioushika, au akawatuhumu wajukuu kwa wizi wa vitu alivyovificha mwenyewe, hapo ubongo unaugua. Alzheimer, aina inayoongoza, ilielezwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka kidogo kidogo, na hiyo presha na sukari huichochea.

Eldoret ina uhusiano na utafiti wa dimensha ambao wengi wetu hatuujui. Shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Indiana, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na baadaye kuwa nguzo ya mpango wa huduma za afya wa AMPATH, ndiko alikotoka mtafiti Hugh Hendrie. Mwaka 1992, yeye na Mnigeria Benjamin Osuntokun walianza kuwafuatilia wazee Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kila mwaka, dimensha iliwapata asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan, na asilimia 3.24 ya wale wa Indianapolis. Asili yao ni ya karibu, ila maisha yao ni mbali kabisa, na watafiti waligeuzia macho presha, sukari na mafuta katika damu.

Sasa tazama Eldoret yetu. Wazee wetu wanakula na kukaa kama watu wa mjini. Wengi wana presha na hawajui, au wanameza dawa siku kichwa kinapouma tu. Kundi jingine ni la watu walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya VVU miaka ya mwanzo ya AMPATH, wakapona kifo, na sasa wanavuka miaka 60. VVU navyo vinaweza kuugusa ubongo. Ushindi ule umetuletea wazee ambao hatukuwa tumewatarajia, na kliniki zinapaswa kuwauliza kuhusu kumbukumbu zao kama zinavyouliza kuhusu vidonge.

Tume ya jarida la Lancet ilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimensha duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Presha ya utu uzima imo, sukari imo, sigara, pombe, upweke, masikio yasiyosikia, macho yasiyotibiwa, hewa chafu, hata majeraha ya kichwa. Kofia ngumu ya bodaboda ni kinga ya ubongo wa miaka arobaini ijayo. Upasuaji wa mtoto wa jicho pia.

Kutojua kuna gharama mbaya zaidi. Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi, mmoja wao akiwa na zaidi ya miaka 80. Kilifi imezika wazee wengi kwa tuhuma hizo hizo. Mtu mwenye dimensha hutoka usiku, huingia boma lisilo lake, huongea peke yake na hushindwa kueleza alifikaje hapo. Katika kijiji chenye hofu, hiyo inatosha kumhukumu. Elizabeth Mutunga, aliyeanzisha shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya baada ya baba yake kuugua, amekuwa akilisema hili waziwazi, nami naona redio zetu za Bonde la Ufa zingemsaidia kulisema kila wiki, kwa lugha ambazo wazee wanazisikiliza.

Tiba ya kuondoa dimensha hakuna. Dawa mpya iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, lecanemab, hupunguza kasi ya Alzheimer ya mapema, lakini ilitangazwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka. Tusubiri hiyo? Kule Hai walijaribu njia nyingine: vikao vya kuuchangamsha ubongo, utaratibu ulioanzia Uingereza, vikao 14 kwa wiki saba. Wazee walikaa pamoja, wakaimba, wakazungumzia utoto, chakula, pesa, wakacheza. Uwezo wao wa kufikiri uliimarika, na waliowaongoza walikuwa wahudumu wa hapo hapo. Kikao cha namna hiyo West Indies kingehitaji ukumbi wa kanisa, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, cha kunusa na kukumbuka, na mtu wa kuanzisha mazungumzo ya siku Kipchoge Keino alipoleta dhahabu kutoka Mexico mwaka 1968.

Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000, wenye mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Wanabisha hodi kwenye nyumba zile zile ambamo wazee hawa wamo. Waongezewe kiberiti na karatasi ya maswali sita. Na walezi, ambao aghalabu ni binti au mkaza mwana aliyeacha kazi, waulizwe hali zao pia. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, hazitoshi kumlipa mtu wa kumpokea mlezi ili naye alale.

Kwa aliye na mzee anayesahau: mpeleke, na nenda naye wewe unayeishi naye. Daktari ataanza kwa kuondoa yanayotibika, kama maambukizi ya mkojo, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, msongo wa mawazo, dawa zinazogongana. Kisha atakugeukia wewe. Andika kabla hujafika: lini alipotea, lini aliacha kupika alichokipika daima, usiku analala saa ngapi. Beba na dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile za mitishamba.