Nilienda Nzuguni kula sikukuu, nikapewa chaki!

MSOMAJI wangu, nikwambie ukweli. Nilipopanda basi Dar kwenda Dodoma Desemba 2024, akili yangu yote ilikuwa kwenye pilau. Nilikuwa na begi la nguo, boksi la biskuti za wapwa zangu, na mipango kabambe ya kulala mpaka saa nne asubuhi. Basi likaniteremsha stendi kuu pale Nzuguni, jirani na soko la Job Ndugai, nikadandia bodaboda mpaka kwa dada. Kufika uani sikuamini macho yangu. Geti zima limejaa hesabu za chaki!

"Karibu mwalimu," akaniambia shemeji huku anacheka. Nikajua utani wa mashemeji. Kumbe mwenzangu yuko siriasi.

Mwaka uliotangulia walilipia watoto tuisheni likizo nzima. Madaftari yakarudi yamejaa vema nyekundu, lakini nyumbani hakuna aliyejua mtoto kajifunza nini. Safari hii wakakata shauri: likizo watoto hawaendi popote, wazazi ndio watafundisha. Na mimi, anko wa mjini niliyezoea kutuma pesa kwa simu na kujiona nimemaliza, nikapangiwa somo la Kiswahili. Sikuulizwa.

Shule ya barazani

Ratiba yenyewe ilikuwa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi sala ya familia, maana dada na shemeji ni Waanglikana wa kweli, si wale wa Krismasi na Pasaka tu. Kisha chai. Mvua ikiwa imenyesha usiku, watu wote shambani kupanda uwele na karanga, kwa sababu Dodoma mvua haisubiri mtu. Saa mbili mpaka saa tano, darasa barazani. Baada ya hapo mpira, ruksa.

Shemeji ni fundi ujenzi, na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mafundi huko hawakosi kazi. Siku asipokuwa saiti anachukua futi yake na kuwapimisha watoto ukuta: urefu mara kimo, halafu tofali ngapi zitatosha. Dada anauza chakula stendi. Yeye somo lake ni chenji. Abiria kala wali maharage na soda, katoa noti ya elfu kumi, basi linapiga honi. Mrudishie ngapi? Dada mtu, wa darasa la sita, anajibu kabla sijamaliza kuhesabu vidole.

Sasa usije ukadhani hawa wamewatoa watoto shule. Thubutu! Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 inataka mtoto akifika miaka saba aandikishwe shule na ahudhurie. Kule Marekani ndiko kuna familia, nyingi zikiwa za Kikristo, zinazowasomesha watoto nyumbani mwaka mzima, na kufikia mwaka 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameruhusu jambo hilo. Kwetu shule ni shule. Wa Nzuguni hawa waliazima Desemba tu.

Kaisari kwenye Mathayo?

Mpwa wangu wa kati ndiye niliyekabidhiwa. Kijana mchangamfu, kamaliza la tatu, Januari anaingia la nne, darasa lenye upimaji wa kitaifa. Na ana cheo: mwalimu wa Sunday school kamchagua asome somo la Krismasi kanisani, Luka sura ya 2. Siku ya kwanza nikamwambia hebu nisikie. Msomaji, dogo alisoma kama mtangazaji wa redio! Nikampa biskuti mbili na kumtumia dada ujumbe: huyu hana tatizo.

Kesho yake Biblia nikaifungua mwenyewe, kizembe tu, nikamfungulia Mathayo sura ya 2, ile ya mamajusi. Akaweka kidole mstari wa kwanza, akatiririka. Kaisari Augusto, orodha ya watu, Kirenio, Bethlehemu. Nikatazama ukurasa. Nikamtazama yeye. Kaisari Augusto hayupo Mathayo 2. Pale yupo Herode.

"Soma neno hili," nikamwonyesha.

Kimya.

"Na hili?"

Akaanza kulia bila sauti, machozi yanadondokea Biblia ya baba yake.

Kumbe kila usiku alikuwa anambembeleza dada yake amsomee Luka, naye anakariri. Shuleni ndivyo alivyopona miaka yote. Darasa lina watoto zaidi ya 90 na mwalimu mmoja, wanasoma kwa kuitikia pamoja, yeye anakaa nyuma na kufuata midomo ya wenzake. Simlaumu mwalimu. Watoto 90, utamsikiliza nani mmoja mmoja?

Dada aliposikia akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko ule mchicha ulivyohitaji. Shemeji akapanda juu. "Miaka mitatu naamka alfajiri kumpeleka shule! Leo leo nampigia mwalimu wa Sunday school, amtoe. Sitaki aibu kanisani."

Aliyetuokoa ni bibi, mama mzaa shemeji, Mgogo asiyeitikia salamu mpaka useme "mbukwa". Yeye alijifunza kusoma ukubwani, enzi za elimu ya watu wazima ile ya miaka ya 1970. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi anasema alikwenda darasani chini ya mti na mtoto mgongoni. Alijua aibu ya kutosoma inavyouma.

"Mtoto hajaiba," akasema. "Kaficha aibu. Nyie mmeficha ngapi? Mpeni mistari mitatu tu, asome kweli."

Kirenio noma!

Ikabaki wiki mbili na kidogo. Tukakata maboksi ya sabuni kuwa kadi, tukaandika silabi. Ba, be, bi, bo, bu. Uzuri wa Kiswahili ni kwamba kinasomeka kama kinavyoandikwa. Ukishazishika silabi, mlango umefunguka. Ugumu ulikuwa kwenye herufi zinazotembea kwa makundi: mb, nj, ng'. Dogo aliikwepa "ng'ombe" kama anaogopa pembe zake.

Tuliwekeana sheria mbili. Moja, hakuna kucheka. Mbili, hakuna kubahatisha. Kidole kwanza, mdomo baadaye. Kila dakika ishirini tunapumzika. Jioni namtembeza barabarani asome chochote: mfuko wa unga, kibao cha duka, maandishi ya nyuma ya daladala. Siku aliyosoma "Uwanja wa Nanenane" peke yake, bila mtu kumtajia, aliruka kama kafunga goli.

Mistari mitatu ya kwanza ya Luka 2 ikawa vita. Alikuwa anaijua kwa kichwa, hivyo mdomo ulitaka kukimbia na kidole kubaki. Jina la Kirenio ndilo lililomtesa zaidi. Halafu maswali yakaanza.

"Anko, liwali ni nani?"

"Mtawala wa eneo. Kama mkuu wa mkoa."

"Na orodha ya watu?"

Shemeji, ambaye hasira zilikuwa zimeshashuka, akadakia. "Unamkumbuka yule dada aliyekuja na kishikwambi kutuhesabu mwaka 2022? Sensa. Ndiyo orodha yenyewe." Akaandika getini: 61,741,120. Ndivyo tulivyohesabiwa Watanzania mwaka ule. Dogo akaisoma kwa shida, akitenganisha milioni na maelfu, kisha akauliza, "Na mimi nimo?"

"Umo. Ukifutwa wewe, hesabu haitimii."

Sikuwahi kumsikia shemeji akiongea vile na mtoto.

Siku yenyewe

Krismasi ilikuwa Jumatano. Kanisa limefurika. Dogo kavaa shati jeupe lililomzidi, akapanda pale mbele, mimi tumbo linaniuma kama naolewa. Mstari wa kwanza, polepole, kidole kinatembea. Safi. Mstari wa pili akafika kwa yule bwana.

"Ki... Kire..."

Akasimama. Nyuma yangu vijana wakaanza kuguna. Nilijua anaweza kufumba macho na kuumalizia kwa kukariri, na hakuna ambaye angegundua. Hakufanya hivyo. Akarudisha kidole mwanzo wa neno. "Ki-re-ni-o." Kisha wa tatu, mpaka nukta. Dada yake akaendelea na mistari iliyobaki.

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa anafuta miwani, na wala haikuwa na vumbi.

Msomaji, sisemi Desemba moja imemaliza kila kitu. Januari dogo alirudi shule bado anasoma kwa kusuasua, na dada akaenda kumweleza mwalimu wake ukweli mapema, kwa heshima, bila ugomvi. Barazani wakaendelea na dakika ishirini kila jioni.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi vijana wa mjini tunatuma ada, tunatuma sare, tunapigiwa makofi. Kumsikiliza mtoto akisoma hatutumi mtu. Ukienda nyumbani likizo ijayo, usimwombe mpwa wako akusomee kitabu cha shule. Hicho huenda anakijua kwa moyo. Mpe mfuko wa unga. Akikwama, usicheke. Kaa chini.

Miezi mitatu baadaye dada alinitumia picha ya karatasi kwa simu. Mwandiko umepinda, herufi moja imegeuka. Iliandikwa: "Anko ukija usilete biskuti leta kitabu cha simba na cha ngo'mbe."

Alama ya ng'ombe kaiweka pasipo pake. Lakini safari hii hakumkwepa.