Kukana Mara Mbili: Ndiyo au Siyo?

Wapo wanaodhani kuwa sarufi ni hesabu: hasi mbili zikikutana huzaa chanya, basi, mchezo umekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Kiswahili mambo si mepesi hivyo, na kwamba suala hili linatuhusu sisi wahakiki.

Hebu tuanzie mezani. Mtu anaulizwa, "Hujala?" Anajibu, "Ndiyo." Je, apewe sahani? Apewe! "Ndiyo" hapa haisemi kuwa amekula. Inakubaliana na kauli ya muulizaji: ni kweli, sijala. Kiingereza hukana katika jibu la namna hiyo. Sasa mwenzetu anayefikiri kwa Kiingereza akijibu "Hapana", mpakuaji anaweza kuelewa kwamba ameshakula, na jamaa akalala njaa kwa ajili ya sarufi tu.

Tutazame methali: "Hakuna masika yasiyokuwa na mbu." Ukanushi upo mara mbili. Tukisema "Kila masika yana mbu", maana inabaki lakini ladha inakwenda zake. Kwa nini? Methali humtuma msikilizaji kwanza atafute masika yasiyo na mbu, ayakose, ndipo akubali mwenyewe. Kwa hiyo ukanushi wa pili si pambo. Ndio unaoziba njia ya kutorokea.

Lakini ukanushi huohuo waweza pia kufungua njia ya kutorokea. Inategemea vinyume vyenyewe. Asiye hai amekufa. Hapo hakuna katikati. Ila asiye mbaya si lazima awe mzuri, maana kati ya ubaya na uzuri pana uwanja mpana. Ndiyo maana mtu akiulizwa hali akajibu "si mbaya", hatujui kama tufurahi naye au tumpe pole.

Uwanja huo ndio tunaojifichia katika semina zetu. Tunaandika: "Si kwamba riwaya hii haina ubunifu." Haya, unao au hauna? Msomaji akitubana tunasema hatukuisifu; mtunzi akilalamika tunasema hatukuiponda. Huo si uhakiki, ni kukwepa. Tukane mara mbili pale tunapotaka kumbana msomaji kama ifanyavyo methali. Penginepo tuseme waziwazi riwaya imefaulu wapi na imeanguka wapi, kisha tuwe tayari kubishiwa.