Pambo la Ukutani si Ushahidi wa Historia

Wengi wetu tukitundika sebuleni nakala ya mchoro wa magofu ya Roma, huamini tumeileta historia nyumbani. La hasha! Giovanni Paolo Panini, aliyefariki mwaka 1765, aliwachorea watalii matajiri wa Ulaya michoro ya aina hiyo. Katika mmojawapo, wa mwaka 1735, hekalu la Pantheon limezungukwa na kumbukumbu nyingine za kale ambazo kwa hakika hazikaribiani. Kila moja ni ya kweli. Ujirani wake ndio wa kubuni. Ni kama sentensi yenye maneno sahihi na taarifa potofu. Picha na ibaki ukutani, kwani inapendeza. Lakini mtoto akiuliza, mzazi na mwalimu wasimfiche ukweli huo.