SUKARI KATIKA MAJI YA ORS SI YA KULETA UTAMU



Mtoto akiharisha, wazazi wengine humpa soda au chai yenye sukari nyingi ili apate nguvu. Wengine humnyima maji, wakidhani kuharisha kutakoma. Njia zote mbili ni za hatari. Kinachomwua mtoto anayeharisha mara nyingi ni kupungukiwa na maji na chumvi mwilini.

SUKARI INAFANYA KAZI GANI?

Katika ukuta wa utumbo mdogo kuna milango midogo sana ambamo chumvi hupita pamoja na sukari iitwayo glukosi. Zikipita, maji huzifuata. Milango hiyo hufanya kazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Mtaalamu Robert Crane alieleza jambo hili mwaka 1960.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi waliingia India. Kipindupindu kilipozuka Bangaon, dripu hazikutosha. Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji yenye glukosi na chumvi, na ndugu zao wakawanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

KWA NINI TUPIME?

Sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza utumboni. Kuharisha huongezeka. Ndiyo sababu soda haifai. Chumvi ikizidi pia ni hatari, hasa kwa mtoto mdogo. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza glukosi katika ORS kutoka gramu 20 hadi gramu 13.5 kwa lita 1, kwa sababu hiyo hiyo.

FANYA HIVI

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji, yaache yapoe.
2. Soma kwenye pakiti ya ORS kiasi cha maji kinachotakiwa. Tia pakiti nzima. Usiongeze sukari.
3. Kama huna pakiti: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza mlima.
4. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole.
5. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage.
6. Kituoni uliza vidonge vya zinki.

USINGOJE KESHO

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja akiwa na damu katika choo, macho yaliyoingia ndani, usingizi usio wa kawaida, au akishindwa kunywa. Njiani endelea kumpa ORS kama anaweza kunywa. Wahudumu ndio watakaoamua kama apelekwe hospitali ya rufaa ya Mbarara.

Na wewe mtu mzima, ukiharisha damu kwa majuma mengi, usijitibu kwa ORS peke yake. ORS hurudisha maji. Haiponyi utumbo uliovimba au wenye vidonda. Ni lazima upimwe ijulikane sababu.

Ukishasoma karatasi hii, msomee jirani asiyejua kusoma, na umwonyeshe kijiko cha kusawazisha kilivyo.