Chakula Kilichoachwa na Wageni: Kiliwe au Kiachwe?

Miongoni mwa mambo ambayo watu wa majumbani hupenda kuuliza ni hili, ambalo kwa macho ya haraka laonekana dogo. Mtu amesafiri na watu wake, akapanga nyumba ya wageni kwa siku mbili tatu; alipofungua kabati la jikoni akakuta kibaba cha mchele, nusu chupa ya mafuta, sukari, majani ya chai, na pengine sufuria ya maharage ya jana. Mwenyewe amekwisha kwenda zake, wala hajulikani ni nani na dini yake ni ipi. Je, yafaa kula? Wengine hula bila ya kuuliza, wakisema kwamba kutupa neema ya Mwenyezi Mungu ni israfu. Wengine hutupa vyote mpaka chumvi, kwa kudhani kwamba cha mgeni usiyemjua hakikosi kuwa haramu. Sisi twaona kwamba hawa na hawa wamefanya haraka.

Tumechagua kulitazama suala hili katika wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, kwa sababu huko wageni ni jambo la kila siku. Njia kuu itokayo Dar es Salaam hufika Lusahunga, katika wilaya ya Biharamulo, kisha huingia Ngara na huko hugawanyika: tawi moja huenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda, na la pili huenda Kabanga, mpakani mwa Burundi. Malori ya nchi zile mbili hupita hapo usiku na mchana, na kandokando ya njia zimejengwa nyumba za kulala wageni za kila namna. Tangu mwaka 2019, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, watazamaji wa wanyama nao wana sababu ya kulala pande hizo. Na mgeni wa njiani huondoka ghafula. Karatasi zake za forodha zikiwa tayari alfajiri, hangoji ndizi ziive wala maharage yapoe.

Jambo la kwanza ni kumjua mwenye mali, na hapa ndipo watu wengi wanapopita mbio. Hatuna budi kupambanua vitu vitatu: kilichoachwa, kilichosahauliwa, na kilichowekwa. Dereva anayekwenda Kigali au Bujumbura aghalabu hurudi kwa njia ile ile baada ya siku chache, na yumkini hulala katika nyumba ile ile. Dumu lake la asali au mfuko wake wa dagaa uliomo kabatini huenda ukawa ni amana aliyoiweka kwa makusudi, naye ana hakika ya kuikuta. Anayeufungua mfuko ule amekula amana ya mtu, hata akiwa amesema Bismillahi mara kumi. Ama aliyesahau, mali ingali yake, na hukumu yake ni ile ya kitu kilichookotwa. Aliyeacha kwa radhi yake, kama ilivyo desturi ya wasafiri kumwachia ajaye nyuma sukari na chumvi, huyo ametoa, na aliyekula hana lawama.

Tutajuaje ni kipi kati ya vitatu? Kwa kuuliza. Yule asemaye kwamba mwenyewe hajulikani, mara nyingi hakuuliza. Katika nyumba za wageni nchini Tanzania kuna daftari ambalo kila anayelala huandikwa jina lake, atokako na aendako, na siku hizi nambari yake ya simu pia. Kwa hiyo mwulize mwenye nyumba, naye ampigie mgeni wake simu. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kibaba cha mchele. Na kama mwenye nyumba mwenyewe atasema kwamba vitu vile ni vya kila mpangaji, basi suala limekwisha. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi husema kwamba kitu kilichookotwa ndani ya milki ya mtu, mwenye milki huulizwa kwanza kabla ya kuhesabiwa kuwa hakina mwenyewe.

Ikiwa imeshindikana kabisa kumpata, sharia haikumbana mtu. Chakula kiharibikacho upesi, aliyekiokota ana hiari: akile na thamani yake iwe deni juu yake, atalilipa mwenyewe akitokea, au akiuze na aiweke fedha. Ama kitu duni ambacho desturi yajulisha kwamba mwenyewe harudi kukitafuta, kama ndizi mbili au kipande cha mkate, hakina haja ya kutangazwa mwaka mzima. Imepokewa kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) aliikuta tende moja njiani, akaeleza kwamba lau si kuchelea kuwa ni ya sadaka, angaliila. Hakuizuia kwa kuwa ni ya mtu asiyejulikana. Aliizuia nafsi yake kwa kuwa sadaka haikumhalalikia.

Jambo la pili ni uhalali wa chakula chenyewe. Mchele, unga, ndizi, mihogo, maharage makavu, chumvi na matunda asili yake ni halali, aliyeyaacha awe nani. Kumdhania vibaya kila asiyekuwa Mwislamu, ukatupa hata sukari yake, si ucha Mungu, na hasa katika wilaya hizi ambazo wengi wa majirani zetu ni Wakristo, nasi twala nao harusini na matangani. Shaka huingia katika vilivyopikwa, na zaidi katika nyama. Katika Tanzania ni desturi ya miaka mingi kwamba nyama ya kuuzwa hadharani huchinjwa na Waislamu, na mwaka 2013 jambo hilo lilizua fitina kubwa katika mkoa jirani wa Geita. Lakini nyama iliyomo katika sufuria ya msafiri huenda haikununuliwa buchani. Yaweza kuwa ya nguruwe, au ya porini iliyokaushwa, ambayo hatujui imekufaje. Maharage nayo yaweza kuwa yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na chupa isiyo na karatasi yaweza kuwa na rubisi. Katika haya, kuacha ndiko kuliko salama. Ama vyombo vya jikoni, vioshwe vizuri kisha vitumike. Ndivyo alivyoelekezwa Abu Thaalaba alipouliza juu ya vyombo vya watu wa Kitabu, kwamba wasipopata vingine wavioshe na wale ndani yake.

Pana na jambo la tatu, ambalo wazee wetu hawakulitaja sana kwa jina, nasi hatuna udhuru wa kulinyamazia: kuhifadhi roho. Chakula kilichopikwa kikakaa nje zaidi ya saa mbili huanza kuzaa vijidudu, na wali una hila yake, kwa maana sumu ya vijidudu vyake haiondoki kwa kupashwa moto. Sufuria iliyolala usiku kucha na mtu usiyemjua, usiionje hata ikinukia. Chupa iliyofunguliwa, imwage. Watu hutia mafuta ya taa na dawa za wadudu katika chupa za soda, na mtoto hajui kusoma harufu.

Nayo Biharamulo imepata onyo kubwa kuliko hilo. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani humo, na ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi 2025, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kufa: wawili walithibitishwa kwa vipimo, na wanane walikisiwa kuwa nao. Kabla ya hapo, Machi 2023, ugonjwa huo ulikuwa umetokea wilaya ya Bukoba. Huenea kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti, na vitu vilivyochafuliwa nayo, kama shuka na nguo. Hatusemi kwamba kibaba cha mchele mkavu kinaleta Marburg. Hilo lingekuwa kutisha watu bure. Twasema kwamba kikombe kilichonywewa nusu, kijiko kilichomo sahanini, na tunda lililoumwa na mtu au na popo, si vitu vya kuoneana haya navyo.

Haya yote ni ya msafiri wa amani. Lakini nchi ya Ngara imeona wageni wa namna nyingine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa mji kwa siku chache. Desemba 1996 waliambiwa warejee kwao kabla ya mwisho wa mwezi, na njia ile ile ikajaa watu, kila mmoja na alichoweza kukibeba kichwani. Kilichobaki nyuma, mahindi na maharage ya msaada, na mboga zilizopandwa kando ya vibanda, hakikuachwa kwa radhi. Aliyetoka kwa hofu au kwa amri hakutoa zawadi. Najua yupo atakayejibu kwamba wenyeji nao walikatiwa miti na kuvunwa mashamba yao, na hilo ni kweli. Lakini aliyekata mti wa Mhangaza huenda siye aliyepanda mboga ile. Mwenye njaa aliyeyala mahindi yale, kwa kuwa yangalioza na mwenyewe hakuwa na njia ya kurudi, ana udhuru. Aliyeyabeba magunia akayauza ana deni, na kwa kuwa wenyewe hawajulikani, njia yake ni kuitoa thamani yake sadaka kwa niaba yao.

Turudi katika nyumba ya kupanga, kwani limebaki neno moja ambalo matajiri hulisahau. Yule mama afagiaye vyumba na kufua shuka mara nyingi huhesabu vinavyoachwa na wageni kuwa ni sehemu ya riziki yake, na mwenye nyumba hupanga ujira wake akijua hivyo. Mpangaji aliyekuja na gari lake na kikapu chake, akaupika mchele ule kwa kuwa ni wa bure, huenda ameula mlo wa jioni wa watoto wa yule mama. Amwulize yeye kwanza. Na wewe unayeondoka, usiwatie wenzako katika shaka hii: kilichopikwa kitoe mapema kingali kizima au kimwage, na kilicho kikavu kifunge vizuri, uandike juu yake kwa kalamu kwamba umekiacha kwa yeyote ajaye, ama umkabidhi mfagiaji mkononi kabla hujapanda gari.