Pikipiki Ikikataa Kuwaka

Pikipiki zimekuwa nyingi mno katika Kenya tangu mwaka 2008, Serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani zile zenye injini ya chini ya cc 250. Vijana wengi wamepata riziki kwa kazi ya bodaboda, na kazi hiyo ina saa zake. Pikipiki ikikataa kuwaka saa kumi na mbili asubuhi, hata ikija kuwaka saa nne, wanafunzi na wachuuzi wa soko wamekwisha chukuliwa na wengine, na deni la chombo chenyewe halingoji. Tena liko jambo kubwa kuliko fedha, maana vijijini mara nyingi pikipiki ndiyo impelekayo hospitali mama mwenye uchungu usiku wa manane.

Injini ya petroli haitaki zaidi ya mambo matatu ipate kuwaka: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, cheche ya umeme kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Moja likikosekana, mwenye chombo aweza kupiga kiki mpaka mguu uvimbe, asipate kitu. Kwa hiyo yampasa atafute ni lipi lililokosekana kabla hajafungua hata skrubu moja.

Kwanza na atazame mambo madogo, ambayo watu huona haya kuyatazama. Ile swichi nyekundu ya kuzimia injini, iliyo karibu na mkono wa kulia, huguswa na watoto au na abiria pasipo mtu kujua. Bilula ya petroli yaweza kuwa imefungwa, au petroli imeshuka na bilula haijageuzwa kwenye akiba. Pikipiki nyingine haziwaki kama gia imeingia au stendi ya pembeni imeshuka. Ikiwa taa zote zimekufa, ni vema kuitazama fyuzi ya betri.

Baada ya hayo ndipo huja plagi, nayo ni kama ulimi wa mgonjwa: mganga huutazama akajua habari za tumboni. Plagi yenye rangi ya kahawia iliyopauka yaonyesha kwamba injini ilikuwa ikichoma vizuri. Plagi nyeusi yenye masizi makavu yaonyesha petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi kosa ni la chujio la hewa lililozibwa na vumbi la barabara za murram. Ikiwa ina mafuta mazito, mafuta ya injini yanapita mahali yasipotakiwa. Ikiwa imelowa petroli, injini imefurika. Na ikiwa ni kavu kabisa baada ya kiki nyingi, petroli haifiki.

Kuijaribu cheche si kazi ngumu, lakini yataka hadhari. Plagi hutolewa, ikarudishwa katika kofia yake, kisha mwili wake wa chuma ukalazwa juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na tundu ilimotoka, kwa kuwa mvuke wa petroli utokao humo waweza kushika moto. Mtu asiguse chuma cha plagi kwa mkono. Wala asipige kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani, maana umeme usiopata njia waweza kuharibu vyombo vya umeme vya pikipiki. Cheche njema ni ya buluu, nayo hulia. Ikiwa ni hafifu na nyekundu, au haipo, plagi isafishwe na mwanya wake utazamwe, ambao kwa pikipiki nyingi ndogo ni kiasi cha milimita 0.6 hadi 0.8. Isipofaa, ijaribiwe plagi nyingine. Msafiri mwenye busara huweka moja ya akiba chini ya kiti. Baada ya mvua, au baada ya chombo kuoshwa kwa maji ya nguvu, yawezekana maji yameingia katika kofia ya plagi tu, na kitambaa kikavu chatosha kuwa dawa.

Injini iliyofurika hutibiwa hivi: bilula hufungwa, plagi ikatolewa na kulazwa kama ilivyoelezwa, akseleta ikafunguliwa yote, na swichi nyekundu ikiwa imezimwa kiki hupigwa mara kadhaa ili petroli itoke. Kosa hili hutokea sana kwa wale wavutao choki wakati injini ingali moto. Choki ni ya asubuhi ya baridi, kama zile za Limuru, mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Na hapa pana jambo lisilojulikana na wengi: hewa ya juu ni nyepesi, hata kabureta iliyopimwa Mombasa huko Limuru itatoa petroli iliyozidi.

Ikiwa petroli haifiki, kifuniko cha tangi kifunguliwe kwanza. Kina kitundu cha kuingiza hewa. Kikizibwa na matope, injini huenda mwendo kidogo kisha hufa. Halafu skrubu iliyo chini ya kibakuli cha kabureta ilegezwe kidogo, na kitokacho kikingwe katika chupa nyeupe. Maji hukaa chini, petroli juu, na mtu huona mpaka wake kwa macho. Petroli iliyochanganywa mafuta ya taa haionyeshi mpaka huo, ila harufu yake ni nzito, nayo huacha unyevu wa mafuta kidoleni wakati petroli safi imekwisha kauka. Udanganyifu huo ulizidi hata mwaka 2018 Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida yake iondoke. Anunuaye petroli ya chupa kando ya njia na akumbuke hilo. Vitundu vya jeti visichokolewe kwa waya, kwani vikipanuka kabureta haitakaa sawa tena. Vipulizwe kwa hewa.

Petroli ikifika na cheche ikiwapo, umebaki mgandamizo. Kiki inayoshuka kwa wepesi usio wa kawaida ni dalili mbaya. Fundi humimina mafuta ya injini kiasi cha kijiko kidogo katika tundu la plagi, akapiga kiki tena: ikiwa ugumu umerudi, ringi za pistoni zimelika, usiporudi, yamkini valvu hazifungi sawasawa, labda kwa sababu hazikupimwa kwa muda mrefu. Kazi hiyo si ya kufanywa kando ya barabara.

Pikipiki iliyoanguka mtoni ina sharti lake. Isipigwe kiki hata kidogo mpaka plagi imetolewa na maji kumwagwa, kwa sababu maji hayagandamiziki kama hewa, nayo yaweza kupinda mkono wa pistoni. Mafuta ya injini yakionekana meupe kama maziwa, yote yamwagwe na mapya yatiwe kabla ya injini kuwashwa.