Mtoto akinyamaza njiani, shuka kwenye baiskeli

Kelele za watoto njiani huchosha. Lakini siku niliyotoka na wanangu wawili kwa baiskeli kutoka Dodoma mjini kwenda kwa bibi yao Mvumi, kilichokuja kunitisha ni kimya.

Ni safari ya karibu kilomita 40, nami nimeikanyaga mara nyingi nikiwa peke yangu. Binti yangu wa miaka 12 alikuwa na baiskeli yake, mdogo wake wa miaka minane nilimpakia kwenye keria. Ilikuwa likizo ya Desemba. Tulipanga kuondoka kunapopambazuka, lakini tairi likakutwa halina upepo, chai ikachelewa, tukaondoka saa tatu asubuhi.

Kabla ya kutoka niliwapa sharti moja: “Hakuna kulalamika njiani.”

Kufikia saa sita jua lilikuwa utosini. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki ile na nzi walikuwa wengi. Kwenye mteremko tuliwaacha nyuma, lakini tulipoanza kupanda mlima walituvamia machoni, puani na midomoni. Binti yangu akawa anaachia usukani kwa mkono mmoja kuwafukuza, baiskeli inayumba. Alisema mara mbili kwamba nzi wanamsumbua. Nikamwambia akaze mwendo. Akanyamaza, nami nikafurahi nikidhani amezoea.

Nilipogeuka, alikuwa amebaki nyuma sana. Ameshuka, ameegemea baiskeli, midomo imekauka. “Baba, kichwa kinaniuma. Nataka kutapika.”

Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa uani kwake alituona. “Baba, mlete mtoto kivulini!” Tukamlaza chini ya mwarobaini, tukamvua viatu, tukamfunika kanga iliyolowa maji na kumpepea. Alikunywa maji kidogo kidogo. Baada ya kama nusu saa macho yakarudi kuwa ya kwake. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema.

“Ulisema tusilalamike.”

Joto kwa mtoto

Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, na akiwa kwenye mchezo au safari husahau kunywa. Kwa hiyo usisubiri aseme ana kiu. Simameni kila baada ya dakika 20 na kila mmoja anywe mafunda kadhaa. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea na mchache, maji hayatoshi.

Maji matupu hayatoshi kwa safari ndefu yenye jasho jingi. Beba pakiti za ORS ukachanganye kama zilivyoandikwa. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, hufanya kazi hiyo. Usizidishe chumvi.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na mtoto kuwa mnyonge au mkimya kuliko kawaida. Hapo safari inasimama: kivuli, maji mwilini na kupepea. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kudegedega au kupoteza fahamu, hiyo ni hatari ya maisha. Endelea kumpoza kwa maji huku ukitafuta usafiri wa kumpeleka hospitali, na usimnyweshe kitu akiwa hajitambui.

Nzi nao si wa kupuuzwa

Nzi hufuata unyevu wa macho, pua na jasho. Wanaweza kubeba vimelea vya vikope, yaani trakoma, kutoka jicho la mtoto mmoja hadi la mwingine. Mkoa wa Dodoma unaufahamu ugonjwa huo. Kongwa imefanyiwa utafiti wa trakoma kwa miaka mingi. Safari moja haimpofushi mtoto, kwani madhara makubwa hutokana na kuambukizwa mara kwa mara kwa miaka. Lakini tabia ya kunawa uso inafaa ianze mapema.

Kila mnapopumzika, mnawishe uso. Kila mtoto awe na kitambaa chake. Kufutana kwa kanga moja ni njia nyingine ya kuambukizana. Miwani hata ya bei nafuu huzuia nzi na vumbi. Kipande cha chandarua kilichoshonwa kwenye ukingo wa kofia kinasaidia mnapopumzika, ila mkiwa mnaendesha kiondolewe kisije kumziba macho. Mdudu akiingia jichoni, asisugue. Simameni, osha kwa maji safi.

Msipumzike karibu na zizi wala jalala, na mabaki ya matunda yafungwe kwenye mfuko. Mkihitaji kujisaidia, tafuteni choo au fukieni kinyesi, kwa sababu nzi wa machoni huzaliana zaidi kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi.

Kama njia yenu inapita karibu na hifadhi zenye mbung'o, mambo ni tofauti. Hao hufuata kitu kinachotembea, huvutiwa na rangi ya bluu na nyeusi, huuma kupitia nguo nyepesi na wanaweza kueneza malale. Njia hizo usipite na mtoto kwa baiskeli.

Saa ndiyo dawa

Tulikaa chini ya mwarobaini ule hadi saa kumi, kisha nikaomba pikipiki iwapeleke watoto kwa bibi yao. Mimi nilifuata kwa baiskeli, nimeona aibu kwa hesabu niliyokosea.

Juni iliyofuata binti yangu mwenyewe ndiye aliyeomba turudie. Safari hii tairi lilikaguliwa usiku, chupa zikajazwa usiku, uji ukaliwa kabla ya mapambazuko. Tuliondoka jua likichomoza, tukafika Mvumi kabla ya saa sita, tukiwa tumesimama mara nyingi kuliko nilivyohesabu.

Sharti nalo lilibadilika. Anayeumwa, mwenye kiu, anayesumbuliwa na nzi, apige kengele ya baiskeli mara mbili na wote tunashuka, bila swali. Siku ile kengele ililia mara tano. Moja ilikuwa yangu.